Dereva wa Basi la Usiku Analala Saa Ngapi?

Oktoba 2023, baada ya marufuku ya miaka mingi, mabasi ya mikoani nchini Tanzania yaliruhusiwa tena kusafiri usiku kucha. Abiria walifurahi, na walikuwa na sababu: mfanyabiashara wa Mwanza hapotezi tena siku nzima njiani akifuata mzigo Dar es Salaam. Ila ruhusa ile haikubadilisha mwili wa dereva.

Ubongo una saa yake, nayo hufuata mwanga wa jua. Kuanzia saa nane usiku hadi alfajiri, joto la mwili hushuka na umakini hupungua, hata kwa aliyezoea kukesha. Juu ya hapo kuna adenosini, kemikali inayojikusanya ubongoni tangu mtu anapoamka na kuzidi kumvuta alale. Kahawa huificha kwa muda tu; kuiondoa ni kazi ya usingizi wenyewe.

Mwaka 1997, Drew Dawson na Kathryn Reid walionyesha huko Australia kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hupungukiwa umakini sawa na mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Aliyeamka saa kumi na mbili asubuhi hufikia hapo saa tano usiku, safari ikiwa bado mbichi. Trafiki ana kipimo cha pombe. Cha usingizi hana.

Kinachoua ni kule kusinzia kwa sekunde chache, pengine macho yakiwa wazi, mwenyewe asijue. Basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Sekunde nne ni karibu mita 90, na lori linakuja mbele.

Madhara hayaishii barabarani. Utafiti wa Chicago wa mwaka 1999 ulikuta vijana wenye afya, waliolala saa nne tu kila usiku kwa siku sita, miili yao ikishindwa kudhibiti sukari ipasavyo.

Kuweka madereva wawili ni jambo jema, lakini kiti chenye muziki na honi si kitanda. Wenye mabasi wawape chumba kimya chenye pazia zito, na ratiba inayoacha saa saba au nane za kulala kabla ya gari kugeuza. Nawe abiria, ukiona basi linayumba, usione haya: mwambie kondakta dereva apumzike, mwenzake ashike usukani.