Ruvu: Mto wa Msituni Unaonywewa Mjini

Anayefungua bomba asubuhi pale Kinondoni hajiulizi maji yametoka wapi. Yametoka mbali. Mengi yake ni mvua iliyoanguka kwenye misitu ya milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, ikateremka na Mto Ruvu, ikanaswa na mitambo kabla haijaingia Bahari ya Hindi kaskazini kidogo ya mji wa Bagamoyo. (Mto Pangani nao, kule juu, huitwa Ruvu, msomaji asichanganye.)

Uluguru ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, safu kongwe inayoanzia Taita, Kenya, hadi Udzungwa. Ubavu wake wa mashariki unaelekea bahari. Pepo zenye unyevu zikigonga ukuta huo hupanda, hupoa, na mvua hushuka. Ndiyo maana Kinole, kwenye ubavu huo, kunastawi migomba, mdalasini na pilipili manga, huku Morogoro mjini mvua ikiwa haba kuliko huko. Juu msituni, majani yaliyooza na mizizi hushika maji ya masika na kuyaachia kidogo kidogo hadi kiangazi. Miti ikifyekwa, mvua ileile hukimbilia bondeni kwa siku moja, na udongo wa shamba juu yake.

Wageni wa karne ya 19 waliuita mto huu Kingani. Misafara ya Bagamoyo husimuliwa kana kwamba mtu akitoka mjini tu keshafika Tabora. Wapi! Kabla ya yote kulikuwa na Kingani. Wapagazi ambao miguu yao haijazoea safari walikutana na bonde la tope, kisha maji yenye mamba na viboko, bila daraja. Mizigo ilivushwa kwa mitumbwi ya kuchonga, kwa awamu, na punda wakaburutwa majini wakigoma. Henry Morton Stanley, akienda kumtafuta Livingstone mwaka 1871, alipitisha muda wa kungoja vyombo vyake vivuke kwa kuwapiga viboko risasi. Februari 1874 Abdullah Susi, James Chuma na wenzao walikuja upande wa pili, kutoka bara, wamebeba maiti ya huyohuyo Livingstone waliyemtumikia. Nao iliwabidi wavuke Kingani ndipo waione Bagamoyo.

Kilichoumaliza umuhimu wa kivuko hicho ni reli. Ujenzi ulianzia Dar es Salaam mwaka 1905, na 1907 garimoshi likafika Morogoro, likiupita Ruvu juu ya daraja. Bagamoyo ikabaki na majumba yake ya mawe.

Mto ulirudi kwenye hesabu pale Dar es Salaam ilipoanza kuona kiu. Mtambo wa Ruvu Juu, Mlandizi, ulijengwa mwaka 1959. Wa Ruvu Chini, wilayani Bagamoyo, ukafuata mwaka 1976. Baada ya kupanuliwa, wa kwanza una uwezo wa lita milioni 196 kwa siku na wa pili lita milioni 270. Uwezo wa mtambo, lakini, si maji. Mwishoni mwa 2022 vuli ilichelewa, kina cha Ruvu kikashuka, na jiji likaingia kwenye mgawo: ndoo zikapangwa foleni, madumu yakapanda bei. Bwawa la Kidunda, lililozungumzwa kwa miongo mingi na sasa linajengwa mkoani Morogoro, linakusudiwa kuhifadhi maji ya masika kwa miezi ya namna ile.

Maji yanayobaki mtoni hufika mikokoni, karibu na bahari. Hapo maji baridi na ya chumvi husukumana kila siku: bahari ikijaa huingia mtoni, na mto ukiwa mnyonge chumvi hupanda mbali zaidi. Kambamiti huzaliwa baharini, wachanga wakaja kukulia kwenye maji hayo mchanganyiko, katikati ya mizizi, kisha wakarudi kilindini. Masika yakikolea Uluguru, mlango wa mto hugeuka rangi ya chai ya maziwa, na mvuvi wa Bagamoyo anayeivusha ngalawa yake hapo anapita juu ya udongo wa shamba la Mluguru.