Waridi Chunguni (2): Udongo wa Kujazia

Juma lililopita tulichagua chungu chenye matundu na kina kisichopungua sentimita 40. Leo tukijaze. Mawaridi mengi ya barazani hufa kwa kukosa hewa mizizini, wala si kwa njaa.

Shambani maji hushuka yakaenda zake. Chunguni hugota, na udongo wa chini kabisa hubaki chepechepe hata matundu yakiwa wazi. Ukiwa laini kama unga, chepechepe hiyo hupanda juu zaidi na mizizi huoza. Kutandika kokoto chini hakusaidii, ingawa ni desturi ya wengi: maji hayashuki kwenye kokoto mpaka udongo ulio juu yake ushibe, hivyo unyevu unasogezwa karibu na mizizi. Dawa ni mchanganyiko wenye chengachenga kuanzia chini hadi juu.

Kanuni ninayoiamini ilitoka taasisi ya John Innes, Merton, London, miaka ya 1930. W. J. C. Lawrence na J. Newell, wakitafuta mchanganyiko wa kutegemewa, walifikia huu: sehemu 7 za udongo tifutifu, 3 za piti (mboji ya kinamasi) na 2 za mchanga mnene, pamoja na mbolea kidogo. Udongo halisi ndio uliopewa nafasi kubwa, na mwaridi, mti wa kukaa miaka, unauhitaji. Mboji tupu huendelea kuoza na kunywea. Baada ya muda chungu kimepungua na mizizi imesongwa.

Naivasha mashamba ya waridi hutumia pumisi (mawe mepesi ya volkano) au vumbi la makumbi bila udongo, na maua yanatoka ya kupendeza. Lakini kule mbolea huyeyushwa katika maji na kufikishwa kwa kila mche kwa mpira wa matone. Nyumbani nani atafanya hivyo?

Badala ya piti, vumbi la makumbi linatosha, ila uliza lilikotoka. Pwani makumbi huzikwa ufukweni ili usumba ulainike kwa kusokota kamba, na vumbi lake hujaa chumvi inayokausha ncha za majani. Liloweke katika maji baridi yasiyo na chumvi, likamue, umwage, urudie mara kadhaa.

Mchanga uwe wa mtoni. Wa baharini, mbali na chumvi, una chokaa ya matumbawe na makombe, na waridi hupenda pH ya 6 hadi 6.5. Chokaa ikizidi, mmea hushindwa kufyonza madini ya chuma: majani machanga huwa manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Wengi wakiona hivyo huongeza samadi, na samadi siyo iliyokosekana.

Samadi yenyewe iwe ya ng'ombe, iliyooza ikawa nyeusi na kupoteza harufu. Ya kuku ikiwa mbichi huunguza mizizi.

Mimi huchanganya madebe 4 ya udongo tifutifu, 2 ya samadi iliyoiva, 1 la vumbi la makumbi na 2 ya mchanga. Lowesha kidogo, fumbata tonge, kisha liguse kwa kidole. Likimeguka, panda. Likibaki bumba kama la mfinyanzi, ongeza mchanga na ujaribu tena kabla ya kuugusa mche.