Kidingapopo: neno la Unguja lililonukuliwa na wataalamu wa dunia

Msikilizaji wetu wa shamba, ukija mjini Unguja hukosi kupita Darajani. Zamani hapo palikuwa na mkondo wa maji ya bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo, na daraja la kuuvuka ndilo lililopapa mahali hapo jina lake. Katika mji huo wa pande mbili, mwaka 1870, ulizuka ugonjwa wa homa ya ghafla na maumivu makali ya viungo. Wenyeji waliuita kidinga pepo. Leo tunasema kidingapopo, yaani homa ya dengue.

Wakati huo alikuwepo mjini daktari kutoka Uskoti, James Christie, aliyekuwa pia tabibu wa Sultani. Mwaka 1872 aliandika habari za kidinga pepo katika jarida la madaktari wa Uingereza, akieleza kuwa wazee wa Unguja waliukumbuka ugonjwa kama huo miaka hamsini hivi nyuma, karibu na 1823. Mwaka 1876 alitoa kitabu kikubwa kuhusu kipindupindu Afrika Mashariki, akifuatilia jinsi maradhi hayo yalivyosafiri na misafara ya biashara mpaka kufika pwani yetu. Mwaka 1881 akaandika tena, akidai kwamba neno "dengue" linalotumika duniani lilitokana na kidinga la Kiswahili, likavuka bahari mpaka visiwa vya Karibi.

Je, kazi ya mtaalamu kama huyu hupimwaje? Njia moja ni kuhesabu amenukuliwa mara ngapi. Mtafiti akiandika ripoti, hutaja kazi za waliomtangulia alizozitegemea. Kila kutajwa huhesabiwa kuwa nukuu moja. Siku hizi kompyuta hujumlisha nukuu hizo, na vyuo vingi huzitazama wakati wa kumpandisha mtu cheo.

Kuna pia kipimo kiitwacho fahirisi ya h. Chukua mfano wa muuza machungwa Darajani. Akiwa na matenga 5, na kila tenga lina machungwa yasiyopungua 5, alama yake ni 5. Akiwa na tenga moja lenye machungwa mia na hana jingine, alama yake ni 1 tu. Kwa mtafiti, tenga ni andiko lake na machungwa ni nukuu. Kwa hiyo mtu wa maandiko machache kama Christie hawezi kupata alama kubwa, hata kama maandiko hayo bado yanatajwa baada ya zaidi ya miaka 140.

Lakini kunukuliwa sana si sawa na kuwa sahihi. Mwaka 1952, huko Newala katika nyanda za Wamakonde, ulizuka ugonjwa wa kukunja viungo. Wenyeji wakauita chikungunya, na mwaka 1955 wataalamu Marion Robinson na W. H. R. Lumsden wakaandika habari za ugonjwa huo. Mwaka 1971 mtafiti Donald Carey aliyarudia maelezo ya Christie. Akaona yale maumivu ya viungo yanayodumu muda mrefu yanafanana zaidi na chikungunya kuliko dengue. Yaani huenda jina letu limebandikwa kwenye ugonjwa mwingine, na kila aliyenukuu akaendelea kulibeba hivyo hivyo.

Tena hesabu hii ina upungufu mwingine. Christie ananukuliwa kwa jina. Wazee wa Unguja waliomweleza habari za 1823, wala waliolitunga neno lenyewe, hawamo katika hesabu yoyote.

Kwako wewe msikilizaji, jambo hili si la wasomi peke yao. Dengue, chikungunya na malaria zote huanza kwa homa, na zote huletwa na mbu. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa dengue mwaka 2014, na tena 2019. Mbu wa dengue na chikungunya huuma mchana, hasa asubuhi na kabla ya magharibi, na huzaliana katika maji yaliyotuama kwenye matairi, vifuu, ndoo na mapipa yasiyofunikwa. Basi chandarua cha usiku peke yake hakitoshi: mwaga maji hayo na funika mapipa.

Mwenye homa apimwe malaria kituoni. Kipimo kikionesha hana, asiridhike na kurudi nyumbani. Amweleze mhudumu dalili zote, hasa maumivu ya viungo, madoa ya ngozi au kutokwa damu. Na kabla dengue haijaondolewa shaka, asinywe aspirini wala diklofenaki, kwani zinaweza kuzidisha kutokwa damu. Panadol kwa kipimo sahihi na maji mengi ni salama zaidi.

Daktari wa 1870 alipata habari zake kwa kuwasikiliza wagonjwa na wazee. Nawe ukifika kituoni, usifiche dalili hata moja.