Mlima Ulioungua Hausubiri Mvua Kubwa

Moto wa Thomas ulianza tarehe 4 Desemba 2017 kusini mwa California, Marekani, ukateketeza takriban hekta 114,000. Ulikuwa haujatangazwa kuzimwa kabisa pale mvua iliponyesha usiku wa kuamkia tarehe 9 Januari 2018. Juu ya Montecito, mji ulio chini ya milima, zilimwagika takriban milimita 13 kwa dakika tano tu. Kabla hakujapambazuka, makorongo yalikuwa yakishusha tope, magogo na mawe, mengine makubwa kama gari. Watu 23 walikufa.

Mvua hiyo ingekuta mlima wenye majani yake, huenda wakazi wangeamka wakakuta madimbwi tu. Kilichobadilika ni udongo. Vichaka vya California vina majani yenye nta. Yakiungua, mvuke wake huzama ardhini, ukapoa na kuganda kwenye chembe za udongo. Wataalamu huukagua kwa njia rahisi mno: hukwangua majivu, hudondosha tone la maji, kisha hutazama saa. Udongo wenye afya hulinywa mara moja. Ulioungua vibaya huliacha likae juu, duara, kama tone kwenye jani la gimbi.

Maji yasiyozama hutiririka. Yakitiririka huzoa majivu, kokoto, halafu mawe, mpaka kinachoteremka kinafanana na zege bichi. Hapo ndipo penye tofauti na maafa ya Katesh, chini ya Mlima Hanang nchini Tanzania, Desemba 2023, yaliyoua zaidi ya watu 80. Kule hakukuwa na moto: sehemu ya mlima ililowa maji hadi ikamomonyoka. Mlima ulioungua hauhitaji kulowa. Unachohitaji ni robo saa ya mvua kali.

Kwa hiyo utabiri huanza moto ukiwa bado unawaka. Wanajiolojia wa serikali ya Marekani hulinganisha picha za setilaiti za kabla na baada ya moto ili kujua wapi pameungua sana. Huongeza mwinuko, hasa miteremko inayozidi nyuzi 23, na wepesi wa udongo kumomonyoka. Kisha huuliza: zikinyesha milimita sita kwa dakika 15, uwezekano wa tope kushuka ni asilimia ngapi? Jibu hutolewa korongo kwa korongo, kwenye ramani ya rangi ambayo hata asiye mtaalamu anaweza kuisoma.

Ramani ya moto wa Thomas ilikuwepo kabla ya mvua, na tahadhari zilitolewa. Tatizo ni kwamba ramani hujua mahali, haijui saa. Wingu lenye mvua kali huwa jembamba; rada ikishaliona, zimebaki dakika chache, na mwenye watoto na wazee nyumbani hawezi kuhama gizani kwa dakika chache. Usiku ule maeneo ya juu yaliamriwa kuhama, ya chini yakaachiwa hiari, na wengi waliokufa walikuwa upande wa hiari. Amri ya kuhama lazima itolewe mchana, kabla tone la kwanza halijaanguka.

Tarehe 9 Januari 2023, miaka mitano kamili baadaye, dhoruba nyingine ilipoikabili milima ileile, Montecito yote iliamriwa kuhama.