Tim Thomas: Kipa aliyezungushwa miaka minane kabla ya ligi kuu kumfungulia mlango

UKIFIKA miaka 28 bila kazi ya kueleweka, maswali huanza. Kwenye arusi mjomba atakuvuta kando na kukuuliza, "Sasa wewe siku hizi unashughulika na nini hasa?" Wenzako wa chuo washapanda vyeo, wengine washanunua magari, na wewe bado unatuma barua za kazi na kuambiwa utapigiwa simu.

Tim Thomas, Mmarekani, aliishi hali hiyo. Alikuwa na miaka 28 alipolinda lango kwa mara ya kwanza katika NHL, ligi kuu ya magongo ya barafuni huko Amerika Kaskazini. Alipotwaa ubingwa alikuwa na miaka 37, umri ambao wachezaji wengi huwa washatundika viatu.

Lakini hii si ile hadithi ya "jitume tu, mambo yatajipa" unayoiona kwenye kila video ya motisha. Ina upande wa pili, na unafaa kuusoma pia.

Kazi yenyewe

Kama hujawahi kutazama mchezo huu, hebu fikiria hoki unayoijua, ila uwanja mzima ni barafu na wachezaji wanateleza kwa viatu vyenye makali ya chuma. Kila timu huwa na watu sita uwanjani, kipa akiwemo. Badala ya mpira wa duara wanapiga kisahani cha mpira mgumu chenye uzito wa gramu 170, ambacho hugandishwa kabla ya mechi ili kisidundedunde. Mkwaju mkali huzidi kilomita 160 kwa saa. Hakuna matatu ya Thika Road inayofikia kasi hiyo, hata usiku wa manane.

Kipa ndiye anayesimama mbele ya hicho kisahani. Lango lake ni dogo, upana wa mita 1.83 na kimo cha mita 1.22, lakini mara nyingi hakioni kisahani kikitoka kwenye gongo, kwa sababu miili ya watu imemzibia. Kwa miaka mingi makipa walicheza nyuso zikiwa wazi. Ilikuwa Novemba 1959 ambapo Jacques Plante, kipa wa Montreal, alipasuliwa uso na mkwaju, akashonwa, kisha akakataa kurudi uwanjani bila barakoa. Tangu hapo barakoa ikawa jambo la kawaida.

Halafu kuna suala la ajira. Kila timu huingia kwenye mechi na makipa wawili tu. Wakati Thomas alipokuwa akitafuta nafasi, NHL ilikuwa na timu 30. Hesabu ni rahisi: nafasi 60 kwa makipa wote duniani. Tena mshambuliaji mchanga anaweza kuingizwa dakika mbili tatu ajaribiwe. Kipa hajaribiwi hivyo. Namba moja akiwa sawa, namba mbili anasugua benchi.

Pete za ndoa

Thomas alizaliwa Aprili 1974 mjini Flint, Michigan, mji wa viwanda vya magari. Alipokuwa na miaka mitano hivi, Marekani iliishinda timu ya Muungano wa Kisovieti na kutwaa dhahabu ya Olimpiki ya 1980. Kipa wa Marekani, Jim Craig, akawa shujaa wa huyo mtoto.

Shida ni kwamba mchezo huu ni ghali, na vifaa vya kipa ndivyo ghali zaidi. Nyumbani kwao pesa hazikuwa nyingi. Wazazi wake waliuza pete zao za ndoa ili mtoto aende kambi ya mafunzo ya makipa. Mzazi yeyote wa mtaani aliyewahi kuuza mbuzi au kuchukua mkopo wa chama kulipa karo anaelewa hapo.

Alipata nafasi katika Chuo Kikuu cha Vermont. Mwaka 1994 timu ya Quebec Nordiques ikamchagua, lakini akiwa mchezaji wa 217 kwenye orodha. Mwaka uliofuata timu hiyo ilihamia Colorado, ikamsajili Patrick Roy, mmoja wa makipa bora kuwahi kutokea. Mlango ukafungwa kabla kijana hajabisha.

Kuzunguka kama msafiri

Kuanzia 1997 Thomas aligeuka mtu wa mabegi. Alicheza ligi ndogo Birmingham, kisha Houston. Akavuka bahari hadi Helsinki, Ufini, na kuisaidia HIFK kutwaa ubingwa wa nchi hiyo mwaka 1998. Edmonton Oilers wakamwita Amerika, ila wakamtuma kwenye timu yao ndogo ya Hamilton, Kanada. Akarudi HIFK. Akaenda Detroit, katika ligi ya chini. Akaenda AIK nchini Uswidi. Akarudi tena Ufini, mara hii katika mji wa Oulu, kule juu kaskazini.

Kila alipokwenda, alidaka vizuri. Na kila aliporudi nyumbani, NHL ilimwambia asubiri.

Kwa nini? Sababu moja ni jinsi alivyocheza. Makipa wa kizazi chake walifundishwa mtindo wa "kipepeo": unapiga magoti, miguu inafunguka pande zote mbili, unaziba sehemu ya chini ya lango na kutulia. Thomas hakuwa mtu wa kutulia. Alijirusha, akabingirika, akaokoa kwa kiatu, kwa gongo, kwa mgongo. Makocha wakitazama waliona vurugu. Hawakuamini kwamba vurugu hiyo ilikuwa na hesabu zake.

Boston Bruins ndio waliompa jaribio. Mnamo Oktoba 2002 alicheza mechi yake ya kwanza ya NHL, dhidi ya Edmonton wale wale waliomwacha, akashinda. Ukidhani hapo ndipo mambo yalinyooka, pole. Msimu huo alicheza mechi nne tu, kisha akarudishwa kwenye timu ndogo ya Providence.

Msimu wa 2004-05 NHL haikuchezwa kabisa kwa sababu ya mzozo wa mishahara kati ya wenye timu na wachezaji. Thomas akafunga mabegi tena. Akiwa na Jokerit ya Helsinki alimaliza mechi 15 bila kufungwa, na wachezaji wa ligi ya Ufini wakampigia kura kuwa bora kuliko wote. Hata hivyo, aliporudi Boston alianzishwa tena kule chini. Ni Januari 2006, makipa wa Boston walipoandamwa na majeraha, ndipo alipoitwa. Alikuwa anakaribia miaka 32. Safari hii hakutoka.

Mwaka 2009 alitunukiwa Vezina, tuzo ya kipa bora wa ligi, na kupewa mkataba wa miaka minne wa dola milioni 20.

Majira ya 2011

Msimu uliofuata nyonga ikaanza kumsumbua. Kijana kutoka Ufini, Tuukka Rask, akachukua lango. Thomas akafanyiwa upasuaji mwaka 2010, na wengi wakasema huyo mzee ameisha.

Alirudi na kuweka rekodi. Msimu wa 2010-11 aliokoa asilimia 93.8 ya mikwaju aliyopigiwa, kiwango ambacho hakuna kipa wa NHL aliyekuwa amewahi kukifikia katika msimu mmoja.

Katika mechi za mtoano Boston iliiondoa Montreal, Philadelphia na Tampa Bay, kisha ikakutana na Vancouver kwenye fainali ya mechi saba. Ya kwanza walipoteza 1-0, bao likifungwa zikiwa zimesalia sekunde chini ya 20. Ya pili walipoteza 3-2, sekunde 11 tu baada ya muda wa ziada kuanza, Thomas akiwa ametoka mbali na lango lake. Wachambuzi wakamrukia: mtindo wake umemponza. Baadaye hata kipa wa Vancouver, Roberto Luongo, alidokeza kwamba bao moja alilofungwa Thomas lingekuwa kazi rahisi kwake.

Thomas hakubadilisha kitu. Katika mechi zote saba alifungwa mabao manane pekee. Juni 15, 2011, ugenini Vancouver, alizuia mikwaju yote 37 na Boston ikashinda 4-0. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Boston kubeba Kombe la Stanley tangu 1972. Thomas akatajwa mchezaji bora wa mtoano, akiwa mzee zaidi kuwahi kupewa tuzo hiyo. Vezina ya pili ikafuata.

Bei aliyolipa

Hapa ndipo video za motisha huzima. Januari 2012 Thomas alikataa kwenda Ikulu ya Marekani pamoja na wenzake kumsalimia Rais Barack Obama, akisema serikali imekuwa kubwa kupita kiasi. Wengi walimkasirikia, wengine wakamtetea. Msimu wa 2012-13 hakucheza kabisa. Alirejea na Florida Panthers, akamalizia Dallas mwaka 2014, kisha akapotea. Hakuonekana kwenye sherehe wala mahojiano.

Jibu lilikuja Desemba 2019 alipoingizwa katika Jumba la Mashujaa wa mchezo huo Marekani. Alieleza kwamba Desemba 2013 alipata mtikisiko wa ubongo uliobadilisha maisha yake. Alipopimwa baadaye, theluthi mbili za ubongo wake zilikuwa zikipata damu chini ya asilimia 5. Kwa muda mrefu hakuweza kuwasiliana na watu, hata wale aliocheza nao. Mtu aliyetulia mbele ya mikwaju 37 kwenye fainali alishindwa na simu.

Sisi huku tunajifunza nini?

Huenda ukasema barafu ni ya wazungu. Lakini Nairobi kuna Kenya Ice Lions, timu iliyoanzia kwenye kiwanja kidogo cha barafu katika hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa. Mwaka 2018 vijana hao walifika Kanada na kucheza pamoja na nyota wa NHL, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon.

Na hata kama hutawahi kuvaa viatu vya barafu, Thomas ana mawili ya kukuachia. La kwanza: alipokuwa akiambiwa asubiri, hakukaa nyumbani kusubiri. Alifanya kazi ile ile mahali ambapo walimtaka, hata kama ni Oulu kwenye baridi, na kila mwaka akawa bora kidogo. Nafasi ilipotokea ilimkuta tayari.

La pili ni zito zaidi. Ukicheza raga, ndondi au hata kandanda ya mtaani na ugongwe kichwa, toka uwanjani uende ukaangaliwe. Kocha akikwambia "jikaze, wewe ni mwanaume," mwambie hapana. Ubingwa unaweza kuusubiri hadi miaka 37. Ubongo ukiharibika, hakuna wa akiba kwenye benchi.