Je, Wajua? Nyumba ya Tani Moja na Nusu Inayosogezwa kwa Kidole Gumba

Je, wajua kwamba Uingereza kuna watu wanaoingiza nyumba uani kwa kidole gumba? Nyumba yenyewe ni karavani, lile tela la kulala lenye vitanda, jiko na choo, linalovutwa na gari wakati wa likizo. Nyingi zina uzito wa tani moja hadi moja na nusu. Barabarani hakuna shida. Taabu huanza getini, pale njia ni nyembamba, ukuta wa jirani uko karibu, na kurudi kinyumenyume na tela kunawatoa jasho hata madereva wazoefu. Hapo gari huondolewa, mtu anashika rimoti, na karavani inaanza kutambaa peke yake. Mashine inayoisogeza huitwa muva.

Je, wajua kwamba neno karavani ni la Kiajemi? Lilikuwa na maana ya kundi la wasafiri na wanyama wao wa mizigo. Sisi tulichukua "msafara" kwa Waarabu, tukaliacha lile la Kiajemi lizunguke Ulaya, nalo likarudi kwetu likiwa na choo ndani.

Je, wajua kwamba karavani ya kwanza ya starehe ilivutwa na farasi wawili? Iliitwa Wanderer. Ilitengenezwa mwaka 1885 na Bristol Wagon Works kwa ajili ya Dakta William Gordon Stables, Mskoti aliyewahi kuwa daktari wa jeshi la majini. Ilikuwa na uzito wa tani mbili hivi. Mtumishi wake alitangulia mbele kwa baiskeli ya magurudumu matatu, kuwaonya watu kwamba kuna jambo kubwa linakuja nyuma.

Je, wajua kwamba Truma, kampuni ya Ujerumani inayotengeneza muva, ina jina la rais wa Marekani? Philipp Kreis aliianzisha mwaka 1949 na kuipa jina kwa heshima ya Harry Truman. Herufi ya mwisho ilibaki njiani.

Je, wajua kwamba muva haigusi ardhi hata kidogo? Ni mota mbili za umeme wa volti 12, moja kila upande, zilizofungwa chini ya chesisi karibu na magurudumu. Kila mota inazungusha rola ya chuma chepesi yenye uso wa kukwaruza, na rola hiyo inabanwa kwenye tairi. Rola ikizunguka huku, tairi linazunguka kule. Yaani kazi yote inategemea msuguano tu: kipande cha chuma kisichozidi upana wa kiganja kikiligusa tairi. Shika hilo, maana nusu ya malalamiko ya watu yanaanzia hapo.

Je, wajua kwamba inakata kona bila usukani? Mota ya kushoto ikienda mbele na ya kulia ikarudi nyuma, karavani ya ekseli moja inageuka palepale kama mtu anayegeukia kisigino. Yenye ekseli mbili haiwezi mchezo huo kwa mota mbili. Matairi manne yanang'ang'ania chini, kwa hiyo hukata kona kwa kuzunguka mbali, au mwenyewe ananunua mota nne.

Mwendo wake? Sentimita 15 hivi kwa sekunde. Kobe akiwa na haraka anaipita.

Je, wajua kwamba muva si breki? Hapa naomba tutulie kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapoumia. Utaratibu ni huu: kwanza rola zibanwe kwenye matairi, ndipo breki ya mkono iachiwe. Ukimaliza, breki ya mkono ivutwe kwanza, ndipo rola ziachiwe. Ukigeuza mpangilio huo kwenye mteremko, kuna sekunde chache ambazo tani moja na nusu haijashikwa na kitu chochote, na wewe uko mbele yake na rimoti mkononi. Rimoti haina neno la kuiambia. Utingo yeyote wa lori la Chalinze anaijua elimu hii bila kufundishwa: gari likisimama mlimani, kabla ya jambo lolote, anaruka na jiwe mkononi kulitia nyuma ya tairi. Wazungu wana kabari za plastiki za rangi, lakini jiwe ni lilelile.

Ile miguu minne ya kona inayoituliza karavani nayo ipandishwe yote kabla hujabonyeza kitu. Kigurudumu kidogo cha mbele kikazwe barabara. Kwenye kokoto kinazama, basi kitandikie ubao. Na asikae mtu ndani, hata mtoto anayebembeleza kupanda mara moja tu.

Je, wajua kwamba hitilafu kubwa kuliko zote si hitilafu? Shemeji yangu yuko Leicester. Asubuhi moja ya mvua alinipigia kwa video: rimoti inawaka taa ya kijani, karavani haitikisiki. Alikuwa ameshabadilisha betri ya rimoti, amesugua vichwa vya betri kubwa kwa brashi ya waya hadi vikang'aa, na amelala chali kwenye maji akitazama mota kana kwamba zitamweleza. Alikuwa ameanza kutaja bei ya mota mpya. Dada yangu akachungulia dirishani: "Baba watoto, kile kifunguo chekundu mbona kiko kwenye droo ya vijiko?" Muva nyingi zina swichi kuu ya kukata umeme karibu na betri, na kwenye baadhi swichi hiyo ina kifunguo cha plastiki kinachotoka. Alikitoa mwenyewe mwezi wa kumi, ili wezi wasiisogeze karavani kirahisi. Mwizi hakuja, akajizuia yeye.

Kwa hiyo fundi wa kwanza ni macho. Swichi imewashwa? Rimoti imeamka? Nyingi hujizima zenyewe zikikaa dakika chache bila kubonyezwa. Na plagi ya gari imechomolewa? Baadhi ya muva hukataa kabisa kufanya kazi zikihisi karavani bado imeunganishwa na gari, na zina haki.

Je, wajua kwamba betri inaweza kukudanganya? Taa za ndani zinawaka, pampu ya maji inanguruma, mita inaonyesha volti 12.6, lakini ukibonyeza rimoti karavani inasogea hatua moja na kuzimika. Taa inakula ampea moja au pungufu. Muva ikipanda kilima yaweza kula zaidi ya 100. Betri ya asidi iliyochoka hubeba kazi ndogo vizuri. Ukiitwika kubwa, volti zinaporomoka, na karibu na 10 kompyuta ya muva inakata kila kitu. Ndiyo maana betri hupimwa mota zikiwa zinafanya kazi. Ikipimwa imepumzika, kila betri ni kijana.

Wengine hukimbilia kuchomeka waya wa umeme wa nyumbani wakidhani wamepona. Hawajapona. Chaja ya ndani ya karavani hutoa ampea 10 hadi 25 hivi, na muva inataka mara kadhaa ya hizo. Lazima betri ichajiwe kwanza, saa kadhaa, tena kwa subira. Baridi nayo huipunguza nguvu, na king'ora cha wezi kinanyonya kidogokidogo majira yote ya baridi, hivyo karavani iliyolala tangu Oktoba huamka Machi na betri ambayo kwa kweli imekufa.

Je, wajua kwamba karavani inayozunguka kama pia inakuambia ugonjwa wake? Upande mmoja unasukuma, mwingine umegoma. Inama utazame rola ya upande uliogoma, mtu mwingine akibonyeza. Ikiwa haizunguki, tafuta umeme: waya uliolegea, kiungio kilicholiwa na kutu, fyuzi. Ikiwa inazunguka lakini tairi limetulia, mota ni nzima na kinachokosekana ni mbano. Angalia upepo wa tairi kwanza, kisha matope, kisha umbali. Muva nyingi hufungwa hivi kwamba rola ikiachiwa inabaki milimeta 20 hivi kutoka kwenye tairi. Ukibadilisha matairi, umbali huo hubadilika, na fundi wa matairi hana habari kwamba kuna rola huko chini.

Chumvi pia. Uingereza humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi ili barafu isigande, na maji yake hurukia moja kwa moja pale mota zilipo. Mtu wa Mombasa au Unguja anayejua bati la pwani linavyoisha hahitaji kuelezwa zaidi.

Je, wajua kwamba rimoti ya kununua haiitiki mpaka itambulishwe? Nyingi husema na karavani kwa redio, megahezi 433 au 868, na kisanduku cha ndani husikiliza rimoti kinayoijua tu. Ni salama hivyo. Vinginevyo kwenye kambi yenye karavani 60 ungebonyeza yako ikaondoka ya jirani na wageni wake wakinywa chai.

Je, wajua kwamba muva inakula mizigo yako? Ina uzito wa kilo 30 hivi, na kilo hizo zinatolewa kwenye mzigo unaoruhusiwa kisheria. Hema, viti, sufuria, gunia la mchele la shangazi: kitu kimoja lazima kibaki.

Na je, wajua kwamba spana inaweza kuokoa likizo? Muva za kisasa hubana na kuachia rola kwa umeme. Betri ikifa rola zikiwa zimebana, karavani imefungwa, na kuivuta hivyohivyo kunaharibu matairi na mota kwa pamoja. Karibu zote zina mahali pa kuingiza spana ili kuziachia kwa mkono, breki ikiwa imevutwa, bila shaka. Shemeji anayo ya saizi hiyo. Iko kwenye droo ya vijiko.