Ugonjwa ukigunduliwa kuchelewa: Njia za mgonjwa kudai haki yake

MAMA mmoja anayeishi katika mtaa wa mabanda wa Kiandutu, viungani mwa mji wa Thika, anahisi uvimbe mdogo kwenye titi. Anakwenda katika kliniki ya jirani, anapewa dawa za kutuliza maumivu na kuambiwa kuwa ni maziwa yaliyoganda kwa vile bado ananyonyesha. Anarudi mara ya pili na ya tatu. Jibu ni lile lile. Miezi 11 baadaye, hospitali kubwa inathibitisha kuwa ni saratani, nayo imekwisha kusambaa.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini swali linalozuka si la kubuni: Je, sheria za Kenya zinampa mgonjwa wa aina hii njia gani ya kutafuta haki?

Njia zipo, tena zaidi ya moja. Hata hivyo, kila moja ina shabaha yake na muda wake, na aliyeumizwa na uchelewaji wa mhudumu wa afya anaweza kuumizwa tena na uchelewaji wake mwenyewe.

Malalamishi

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kupata kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa. Sheria ya Afya ya 2017 nayo inamruhusu mtu yeyote kulalamika kuhusu jinsi alivyohudumiwa katika kituo cha afya, na malalamishi hayo yachunguzwe ipasavyo. Kwa hiyo hatua ya kwanza, na iliyo rahisi zaidi, ni barua kwa msimamizi wa kituo chenyewe. Mlalamishi abaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.

Asiporidhika, anaweza kwenda kwa baraza linalosimamia taaluma ya aliyemhudumia. Hapa ndipo wengi hukosea, kwani si kila anayevaa koti jeupe ni daktari. Malalamishi dhidi ya daktari au kituo cha afya hupelekwa kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC. Maafisa wa kliniki, ambao ndio huwapokea wagonjwa wengi katika zahanati za mitaa, wana baraza lao, na wauguzi wana lao. Muuza dawa husimamiwa na Bodi ya Famasia na Sumu.

Mabaraza haya yanaweza kumwonya mhudumu, kumsimamisha kazi au kumfutia leseni. Kazi yao kuu ni kuulinda umma. Anayetaka fidia ya kumwezesha kulipia matibabu na kukidhi mahitaji ya watoto wake hana budi kufika mahakamani, au kuafikiana na upande wa pili nje ya mahakama.

Jambo la kuzingatia ni kwamba kupeleka malalamishi kwa baraza hakusimamishi saa ya mahakama. Mgonjwa anayengoja uamuzi wa baraza kwa miaka miwili ndipo amtafute wakili, huenda akakuta mlango umefungwa.

Muda wa kushtaki

Chini ya Sheria ya Muda wa Kuwasilisha Mashtaka, Sura ya 22, kesi ya madhara yanayotokana na uzembe sharti iwasilishwe katika muda wa miaka mitatu. Iwapo mshtakiwa ni Serikali, Sura ya 39 inapunguza muda huo hadi miezi 12. Ndiyo maana aliyetibiwa katika hospitali ya umma anashauriwa kuhesabu mwaka mmoja, wala asijipe matumaini ya miaka mitatu.

Lakini vipi kuhusu ugonjwa uliojificha, ambao mgonjwa hakuujua hadi muda ulipokuwa umeyoyoma? Kifungu cha 27 cha Sura ya 22 kinaitambua hali hiyo. Mlalamishi anaweza kuiomba mahakama ruhusa ya kushtaki nje ya miaka mitatu iwapo mambo ya msingi kuhusu madhara yake hayakuwa katika ufahamu wake. Hata hivyo, ni lazima afungue kesi kabla ya mwaka mmoja kupita tangu alipoyajua. Kinachosamehewa ni kutojua ukweli wa mambo; kutojua sheria hakusamehewi. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Mgonjwa akiwa amefariki, msimamizi wa mali yake aliyeidhinishwa na mahakama anaweza kushtaki kwa niaba ya wategemezi.

Mzigo wa ushahidi

Mahakama haimhukumu daktari kwa sababu tu alikosea. Mlalamishi huthibitisha mambo matatu: kwamba mhudumu alikuwa na wajibu kwake, kwamba alitenda chini ya kiwango kinachotarajiwa kwa mwenye taaluma hiyo, na kwamba kasoro hiyo ndiyo iliyosababisha madhara. Hospitali nayo haiwezi kujitenga na makosa ya wafanyakazi wake. Mahakama Kuu ilisisitiza hivyo mwaka wa 2001 katika kesi ya mtoto mmoja.

Jambo la tatu ndilo gumu zaidi katika kesi za uchelewaji, kwa kuwa ugonjwa haukuletwa na daktari. Swali huwa: Je, ungegunduliwa mapema, hali ingekuwa tofauti?

Uingereza, ambayo maamuzi yake hayazifungi mahakama za Kenya lakini hurejelewa mara kwa mara, ilikabiliwa na swali hilo mwaka wa 2005. Daktari alikuwa amemwambia mgonjwa kwamba uvimbe chini ya kwapa lake ulikuwa mafuta tu. Ilikuwa saratani, na matibabu yakachelewa kwa miezi tisa. Ilielezwa kwamba uwezekano wake wa kupona ulishuka kutoka asilimia 42 hadi 25. Majaji watatu dhidi ya wawili walimnyima fidia, kwa kuwa hata kabla ya kosa hilo uwezekano wake wa kupona ulikuwa chini ya nusu.

Funzo ni kwamba hasira pekee haitoshi. Ripoti ya daktari mwingine bingwa, inayoeleza kilichopaswa kufanywa na tofauti ambayo kingeleta, ndiyo nguzo ya kesi.

Stakabadhi na gharama

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kadi za kliniki, risiti, majibu ya maabara, picha za eksirei na hata pakiti za dawa zihifadhiwe, kwa kuwa ndizo zinazoonyesha tarehe ambazo mgonjwa alikwenda na alichoambiwa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa mtu haki ya kupata taarifa zake, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma kujibu ombi katika siku 21.

Kuhusu gharama, wakili nchini Kenya haruhusiwi kuafikiana na mteja kwamba atalipwa tu kesi ikishinda. Hata hivyo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliunda huduma ya kitaifa kwa wasio na uwezo, shirika la Kituo cha Sheria husaidia maskini, na Kanuni za Mashtaka ya Madai, Agizo la 33, zinamruhusu fukara kuomba kushtaki bila kulipa ada ya mahakama. Si lazima pia kesi ipelekwe Nairobi: hakimu mkuu, kama aliye katika mahakama ya Thika, anaweza kusikiliza madai ya hadi Sh20 milioni.

Kwa mama wa Kiandutu, basi, matibabu ndiyo kwanza. Lakini wiki ile ile anapoambiwa ukweli, aandike tarehe hiyo, akusanye karatasi zake zote na kumwomba jamaa amsaidie kumtafuta wakili. Huenda sheria tayari imeanza kumhesabia.